Nyoka Ndani ya Kiyoyozi: Maneno Niliyowaambia Wakazi wa Mtaa Wetu, Moshi

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, akina mama na akina baba, mafundi wenzangu, na vijana mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti: wazee, shikamooni, wengine wote, habari za mchana.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya nyoka wanaoonekana kwenye viyoyozi vya nyumba zetu, hasa hizi zilizo karibu na mifereji na migomba. Nilimjibu kwamba mimi si mtaalamu wa nyoka. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, na kazi hii nimeifanya hapa Moshi kwa miaka 22. Hata hivyo nilikubali, kwa sababu anayefunua kile kifuniko cheupe na kuchungulia ndani ni fundi. Na, kama nitakavyoeleza bila kujitetea, mara nyingi fundi huyo huyo ndiye aliyemwachia nyoka mlango wazi.

Nianze na usiku mmoja wa Desemba, wiki ile ambayo watoto wetu wanaoishi Dar es Salaam hupanda na familia zao kuja kula Krismasi nyumbani. Mzee mmoja, ambaye nyumba aliyojengewa na mwanawe uwanjani kwake hufunguliwa mwezi huo tu, alinipigia saa tatu usiku akasema, "Kijana wangu, kuna kamba imeingia kwenye ile mashine ya baridi, na inaning'inia." Mimi nikaelewa kamba. Nikachukua bisibisi, nikapanda bodaboda, nikafika, nikasimama juu ya stuli na kupeleka mkono kwenye mdomo wa kiyoyozi ili nivute kilichokuwa kinaning'inia. Aliyeniokoa ni mjukuu wa miaka kama sita, aliyekuwa mlangoni na mswaki mdomoni, akauliza, "Babu, kwani fundi haogopi nyoka?" Nilishuka kwenye stuli ile, na mpaka leo sijui nilishukaje.

Wengi wetu hapa tulilelewa kutomtaja nyoka usiku. Tulifundishwa kumwita kamba ili asisikie jina lake akaja. Simdharau mzee yule wala malezi yetu. Ila naomba, kwa heshima zote, kwamba unapompigia fundi au mwokoaji simu usiku, mwiko huo uuweke kando kwa dakika moja na umtaje mnyama kwa jina lake. Siku hizi mteja akiniambia kamba, namuuliza kwanza kama ni ile ya kufungia mbuzi.

Sasa tumtazame huyo aliyekuwa ananing'inia. Asubuhi, baada ya umeme kukatwa na mtu mwenye ujuzi wa nyoka kufika, tulifungua kifuniko tukamwona vizuri. Alikuwa mwembamba kama kidole changu cha mwisho, wa kijani kama jani changa la mgomba, mwenye madoa meusi upande wa mbele na macho makubwa kuliko nilivyotarajia kwa kichwa kile. Alikuwa amejizungusha mara mbili kwenye feni ya ndani, lile pipa refu lenye mabapa madogo madogo linalopuliza hewa chumbani, na mkia ndio uliokuwa umepenya kwenye mdomo wa kiyoyozi. Juu ya chujio la vumbi palikuwa na kinyesi cha mijusi kilichokauka, na pembeni kipande cha mkia wa mjusi. Yule mtaalamu alimtambua mara moja: nyoka wa vichakani asiye na sumu ya kumdhuru binadamu, hodari wa kupanda kuta kwa sababu magamba ya tumbo lake yana kingo zinazoshika hata plasta iliyopakwa rangi.

Ule mkia wa mjusi unaeleza habari nzima. Nyoka hakuifuata baridi yetu. Nyoka ni mnyama anayetegemea joto la nje ili mwili wake ufanye kazi, na kiyoyozi kinachopuliza baridi si mahali pa kumstarehesha. Alimfuata mjusi kafiri, ambaye sijui alitukosea nini hadi tukampa jina hilo. Mjusi naye aliwafuata wadudu waliofuata taa ya barazani, na mchana akajificha nyuma ya kiyoyozi, mahali penye giza pasipofikiwa na ufagio. Nje ya ukuta hali ni hiyo hiyo. Ile mashine ya nje ina kompresa inayobaki na vuguvugu baada ya kuzimwa, ina sakafu yenye kivuli ambako panya hutengeneza kiota kwa majani makavu, na mara nyingi bomba la kutoa maji linadondosha hapo chini na kuwaita vyura. Kwa sisi tuliojenga kando ya mifereji waliyoichimba babu zetu, vyura ni majirani wa kudumu. Na penye chura, panya na mjusi, anayewala atafika.

Ndiyo maana nyumba inayofungwa miezi kumi na moja ina hatari zaidi kuliko nyumba ya jirani inayokaliwa. Kiyoyozi kinachotumika kila siku kinatikisika, na feni inayozunguka haikaliwi na mtu. Hata nyumba zinazokaliwa, hapa kwetu viyoyozi hulala tangu masika hadi baridi ya Juni na Julai ipite, na wengine hawavigusi mpaka joto la Januari. Halafu mtu anaingia usiku, amechoka na safari, anabonyeza rimoti, feni inazunguka ikiwa na kiumbe ndani yake. Matokeo yake nimeyaona mara mbili, na sitayaeleza hapa kwa sababu akina mama wametuandalia chakula.

Niseme sasa la kufanya, na naomba hapa mnisikilize kwa makini kuliko kwenye hadithi. Ukimwona nyoka kwenye kiyoyozi, au ukisikia mkwaruzo ndani yake usioufahamu, jambo la kwanza ni kutoa watu na wanyama wa kufugwa chumbani bila kelele, na jambo la pili ni kukata umeme. Kuzima kwa rimoti si kukata umeme. Rimoti inakilaza kiyoyozi tu, lakini waya zake bado zina volti 230, na nyoka akigusa sehemu zisizofunikwa anaweza kusababisha hitilafu inayochoma bodi au kuanzisha moto. Zima swichi ya ukutani ya kiyoyozi, au ile breka yake kwenye boksi la umeme. Kama swichi hiyo iko chini ya kiyoyozi chenyewe, achana nayo, nenda kazime meni swichi. Kukaa gizani nusu saa si hasara kubwa. Kisha funga mlango wa chumba ukiwa nje, zungushia taulo chini ya mlango, na kama dirisha linaweza kufunguliwa kutoka nje, lifungue, ili mgeni awe na njia nyingine ya kuondoka zaidi ya kuja sebuleni kwako. Mara nyingi, akiachwa kimya na giza, hurudi kwa lile tundu alilopitia.

Mtu mzima mmoja abaki akiangalia kwa mbali, mita tatu au nne, kama kuna kioo cha kuchungulia, na ampige picha kwa simu bila kusogea. Picha hiyo itamsaidia anayekuja kuliko maelezo ya watu kumi. Nasema kwa mbali kwa sababu katika mkoa wetu tunaye swila, ambaye hutema sumu na kulenga macho kwa umbali wa mita mbili na zaidi. Sumu ikiingia jichoni, lioshe papo hapo kwa maji safi mengi, yakitiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali. Msitie maziwa wala tumbaku wala dawa ya mzizi.

Halafu piga simu. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kumwondoa mnyama hatari ndani ya nyumba ni uokoaji. Kama mnamjua mtu aliyefunzwa kukamata nyoka, mwiteni pia. Tunaishi mahali ambapo hapo juu Mweka kuna chuo cha wanyamapori tangu mwaka 1963. Tusijifanye kana kwamba mkoa huu hauna watu wanaoelewa wanyama, na kwamba tegemeo letu ni kijana wa jirani mwenye panga na chupa mbili za mbege tumboni.

Nina neno juu ya panga, na juu ya mambo mengine ambayo nimekuta watu wameyafanya kabla sijafika. Nimekuta mafuta ya taa yamemwagwa ndani ya kiyoyozi. Nimekuta dawa ya mbu imepulizwa chupa nzima, maji ya moto yamerushwa ukutani, na mara moja mpira wa tairi unawashwa chini ya mashine ya nje ili moshi umfukuze. Mafuta na dawa za kupuliza huwaka. Maji ya moto na umeme havikai pamoja. Na baadhi ya viyoyozi vipya vinatumia gesi iitwayo R32, ambayo ikivuja na kukutana na moto inaweza kuwaka. Panga nalo likikosa nyoka halikosi bomba la shaba. Nyoka aliyechomwa au kukatwa nusu hatoki nje. Anaingia ndani zaidi, ana maumivu, na sasa anauma chochote kinachomkaribia. Hata aliyekufa si wa kushikwa kwa mkono, kwa kuwa kichwa chake huendelea kwa muda kuwa na uwezo wa kufunga taya na kuingiza sumu.

Mafundi wenzangu, sehemu hii ni yenu. Kumtoa nyoka kwenye kiyoyozi ni kazi ya watu wawili wenye ujuzi tofauti, na hatari huanza pale mmoja anapojaribu kufanya ya mwenzake. Mkamata nyoka anamjua mnyama, lakini hajui kwamba ndani ya mashine ya nje kuna kapasita inayohifadhi umeme hata baada ya breka kushushwa, wala hajui kwamba mapezi ya alumini hukata kidole kama wembe. Fundi anajua hayo yote, lakini hajui nyoka anakusudia nini anapoinua shingo. Basi fundi akate umeme, asubiri angalau dakika kumi, apime kwa mita kuhakikisha, kisha aulize, "Nifungue upande gani?" Mwenye koleo refu na ndoo yenye mfuniko ndiye anayeongoza kuanzia hapo.

Ngazi iwe imara, yenye miguu minne, na isimamishwe pembeni ya kiyoyozi, kamwe si chini yake. Stuli yangu ya ule usiku isiwe mfano. Skrubu zilegezwe zote kabla kifuniko hakijavutwa, ili kitoke kwa mara moja bila kukitikisa na kukigongagonga, maana nyoka hana sikio la nje kama letu lakini mtikisiko anauhisi mwili mzima. Akiwa amejizungusha kwenye feni, asivutwe mkia. Anapong'ang'ania, unaweza kumvunja uti wa mgongo naye asitoke. Yule mtaalamu wa Desemba alifanya jambo ambalo nimelikumbuka kila mara: aliniambia nilizungushe lile pipa la feni taratibu kwa kijiti kirefu cha mbao, robo mzunguko kwa wakati, naye akamwongoza nyoka kwa ndoano yake. Ilichukua kama dakika ishirini. Hakuna aliyepiga kelele, na nyoka aliingia ndooni kwa mzunguko wake mwenyewe. Mzee wa nyumba, aliyekuwa amejiandaa na rungu, alibaki amelishika kama fimbo ya kutembelea.

Kwa mashine ya nje kazi huwa nyepesi zaidi, na mara nyingi dawa yake ni subira. Kata umeme, funga mbwa, ondoa watoto, zima taa ya upande huo, iache usiku kucha, na asubuhi mtaalamu aangalie kabla ya mtu mwingine kusogea. Kwa vyovyote vile, kiyoyozi kisiwashwe mpaka fundi akague waya, bodi na mapezi, na kuosha uchafu uliobaki, vinginevyo harufu yake mtailala nayo wiki nzima.

Mtaniuliza, je, kama yule wa kijani hakuwa na sumu, kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu sikujua kwamba hana sumu, na wewe hutajua. Kuna nyoka mwingine wa mitini ambaye naye anaweza kuwa wa kijani, na sumu yake huzuia damu kuganda, taratibu, hata mtu akadhani amepona. Koboko, ambaye watu humtafuta kwa weusi, mwili wake ni wa kijivu au kijani-kahawia. Cheusi ni ndani ya mdomo wake, na ukifika mahali pa kuuona huo weusi umeshachelewa. Rangi inadanganya. Wanaotaka kujifunza bila hatari, kule Meserani, ukitoka Arusha kwa barabara ya Makuyuni, kuna bustani ya nyoka ambako utawaona nyuma ya kioo pamoja na watoto wako.

Akiuma, twende hospitali. Nasema hivi kwa ufupi kwa sababu madaktari wapo na wao ndio wenye neno, lakini yaliyo mikononi mwetu kabla ya kufika kwao ni haya: mtu atulizwe, avuliwe pete, saa na bangili kabla uvimbe haujaanza, kiungo kilichoumwa kifungiwe ubao au kitu kigumu ili kisichezecheze, na abebwe, asitembee. Asifungwe kamba ya kukaza damu, asichanjwe, asinyonywe jeraha. Lile jiwe jeusi ambalo nyumba nyingi hapa zinalo kabatini haliondoi sumu. Linachoondoa ni muda, na muda ndio anaouhitaji mgonjwa, hasa kwa sumu inayolegeza kope na kisha pumzi. Dawa halisi ya sumu ya nyoka huingizwa kwenye mshipa chini ya uangalizi, kwa kuwa yenyewe inaweza kuleta mzio mkali. Mnafahamu njia ya KCMC na ya Mawenzi. Apelekwe huko, na mtu atangulize simu. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na makadirio yake ni kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa ajili hiyo duniani kila mwaka. Wengi wao ni watu wa mashambani kama sisi.

Chumvi. Najua mtaniuliza juu ya chumvi, kwa sababu kila ninakokwenda naikuta imenyunyizwa dirishani, na vitunguu saumu vimening'inizwa kwenye bomba la kiyoyozi kama shanga. Chumvi humuumiza konokono kwa kuwa ngozi yake ni mbichi. Nyoka amevaa magamba makavu, anaipita kama wewe unavyopita kokoto. Pesa ya chumvi nunueni saruji.

Na saruji hiyo iende wapi? Nirudi kwa mzee wa Desemba. Nyoka alipokwisha kuondoka nilizunguka nyuma ya nyumba nikatazama mahali mabomba ya shaba yanapoingia ukutani. Tundu lilikuwa la upana wa kikombe cha chai, mabomba na ile sponji yake nyeusi yamejaza nusu tu, na nusu nyingine ilikuwa wazi, ikionyesha giza. Kwenye kingo za plasta palikuwa na alama za drili yangu. Kiyoyozi kile nilikifunga mimi, miaka minne kabla, siku ya Jumamosi jioni, nikamwambia mwenye nyumba kwamba nitarudi Jumatatu kuziba. Sikurudi. Alinilipa pesa yote, na kwa miaka minne sikulikumbuka tundu lile hata mara moja, ilhali mijusi walilijua, na aliyewafuata mijusi akalijua.

Kwa hiyo, mafundi, tundu lizibwe siku ile ile, na lisizibwe kwa povu pekee, kwa sababu panya hulitafuna kama mkate. Wekeni kwanza wavu mgumu wa chuma au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha povu au saruji juu yake, ndani na nje ya ukuta. Wenye nyumba, msimlipe fundi sehemu ya mwisho ya pesa mpaka mmeliona tundu limezibwa; ninajua nasema haya dhidi ya mfuko wangu. Bomba la kutoa maji lifungwe wavu mdogo mwishoni, na wavu huo usafishwe kila baada ya miezi michache, la sivyo utelezi utauziba na maji yatarudi ukutani. Matawi ya mwembe na majani ya migomba yanayogusa ukuta yakatwe, mita moja itoshe. Na nyumba inayofungwa mwaka mzima, mwenye funguo awe anaingia mara moja kwa mwezi, mchana, atazame kwanza, ndipo awashe viyoyozi kwa dakika kumi.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, lakini naomba kabla ya chakula tutoke nje kidogo, tupite nyuma ya ukumbi huu, upande wa migomba. Nilipokuwa nasubiri mkutano uanze nililitazama tundu la kiyoyozi kinachotupuliza hivi sasa, nikalipima kwa kalamu hii. Iliingia yote. Ngazi ninayo kwenye gari, na saruji nimekuja na mfuko mdogo.